Nuru Ileile: Kuamua Sihiri Inapokutana na Darubini, Kamera na Macho ya Bandia

Ni mchezo wa kuigiza wahusika mezani, na mchezaji anasema, "Niko darini Mkomani, mjini Lamu, nyumba ya mbele inayotazama bahari. Nashika darubini, namwona mlinzi kwenye gati la kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo, namtupia sihiri ya kumzimisha." Meza nzima inakugeukia wewe mwendesha mchezo. Ukikubali upesi umekosea, na ukikataa upesi umekosea vilevile, maana hujauliza darubini yenyewe ni ya namna gani. Kwa Kiswahili neno darubini limebeba vyombo vingi, miwani nayo hivyohivyo, na kioo ndicho kinachosumbua zaidi: cha dirishani ni kioo, cha kujitazamia ni kioo, na skrini ya simu ikivunjika watu husema kioo kimepasuka. Ubishi mwingi wa mezani huanzia hapo, si kwenye kitabu cha kanuni. Kabla dadu hazijarushwa, chombo kitajwe kwa ukamilifu.

Mwongozo huu unafuata Shadowrun, mchezo uliotolewa mara ya kwanza na FASA ya Chicago mwaka 1989, na hesabu zake ni za toleo la tano la mwaka 2013. Dunia ya mchezo huo ni ya miaka ya 2070, kitovu chake ni Seattle, sihiri imerudi duniani na watu wanapandikizwa mashine mwilini. Hakuna kinachokuzuia kuihamishia Lamu, na mji huu unaufaa mchezo kuliko miji mingi, kama tutakavyoona. Hapa tutaita mganga yule mhusika mwenye kutupa sihiri. Esensi ni kipimo cha ukamilifu wa mwili wake, huanza na 6. Nguvu ya Sihiri ni namba inayoongeza dadu zake, na Uzito ni kiwango anachokichagua kila anapotupa.

Kipimo ni kimoja

Mganga lazima amwone mlengwa kwa macho yake mwenyewe. Kinachotakiwa ni nuru iliyotoka kwa mlengwa ifike jichoni mwa mganga, nuru ileile. Ikipindwa na lenzi, ikigonga kioo ikarudi, ikipenya maji au dirisha, bado ni ileile. Ikigeuzwa kuwa umeme kisha ikachorwa upya kwenye skrini, mganga anatazama picha, na picha haina aura, yaani ule uhai unaomzunguka mtu, ya kushikwa na sihiri, hata iwe kali namna gani.

Basi mwulize mchezaji swali hili tu: "Kati ya jicho lako na yule mtu, kuna mahali nuru inakufa na kuzaliwa upya?" Likijibiwa, mengi yamekwisha.

Angalia kwamba hatuulizi kama chombo kina betri. Hilo ni kosa la kawaida la waendeshaji wageni. Zipo darubini za mabaharia zenye betri inayotuliza mtikisiko kwa kusogeza prizimu ndani yake. Betri inasogeza prizimu, lakini nuru inapita ileile, kwa hiyo sihiri inapita. Kinyume chake, miwani ya kijeshi ya kuonea usiku haina kamera ya kidijitali ndani, na bado haifai: nuru ya nyota inaingia, inageuzwa elektroni, elektroni zinaongezwa, kisha zinagonga kioo chenye fosfori na kutoa ile picha ya kijani. Nuru ya mwanzo imekufa njiani. Mchezaji atakuambia "lakini si kamera", na ni kweli si kamera, ila jibu ni hapana.

Kamera zenyewe zinagawanyika. Ile ya zamani yenye kioo ndani, ambayo ukitazama tunduni unaona moja kwa moja kupitia lenzi, inafaa kama darubini ndogo. Ya kisasa isiyo na kioo ndani, ambayo tunduni mwake mna skrini ndogo, haifai. Simu haifai kabisa, iwe imekuza mara ngapi. Droni haifai, na hii ni habari njema kwa mchezo wako: mwenye droni anaona walipo maadui, mganga hawaoni, kwa hiyo wawili hao wanalazimika kusemezana na mganga anabaki kusogea mwenyewe. Usiliondoe hitaji hilo kwa huruma. Ndilo linalomfanya mganga atoke darini.

Tundu la mlangoni lenye lenzi linafaa. Periskopu ya vioo au prizimu inafaa. Miwani ya kuzamia inafaa. Kioo cha bafuni kilichokwaruzwa makusudi, kile cha kuonyesha mwanga bila umbo, hakifai, kwa sababu haoni mtu bali doa. Uzi wa kioo unaopenyezwa chini ya mlango, wenye nyuzi nyembamba zilizopangwa sawasawa mwanzo na mwisho, unafaa kwa kuwa unabeba nuru yenyewe, na waganga wa Shadowrun wanaupenda tangu zamani. Usiuchanganye na nyaya za intaneti za kioo, maana hizo zinabeba ishara na si sura.

Maandishi yanayoelea mbele ya jicho, yaani ramani, majina na saa, hayamzuii mganga, ilimradi nyuma ya maandishi anaona dunia yenyewe. Mwambie mchezaji aseme kama lenzi zake zinaongeza juu ya anachokiona au zinakifunika na kukichora upya. Zikikifunika, haziruhusiwi.

Macho ya bandia, na bei yake

Hapa wachezaji wapya hushangaa. Jicho la bandia lililopandikizwa mwilini ni mashine mwanzo hadi mwisho, na bado sihiri inapita. Sababu ya kanuni ni kwamba mwenyewe amelilipia kwa Esensi, limekuwa sehemu ya mwili wake. Miwani yenye uwezo uleule ikivaliwa usoni haikulipiwa chochote, na haihesabiwi. Ukilikubali hili bila manung'uniko, kanuni zote za kuona zinakaa sawa.

Bei yake lakini ni ya kweli. Kila Esensi inapopungua, hata kwa 0.1, Nguvu ya Sihiri inapungua kwa 1 nzima, na haipungui tena mpaka Esensi iliyopotea ipite 1 kamili. Maana yake mganga aliyepandikiza kitu kidogo cha 0.1 amelipa sawa na aliyepandikiza vitu vya 0.9. Kosa tunaloliona mara nyingi kwenye karatasi za wahusika ni hili: mchezaji ananunua uwezo wa kuona mwanga hafifu kwa 0.1, anapoteza nukta nzima ya Nguvu ya Sihiri, kisha anaacha 0.9 iliyobaki bila kazi. Kama ameamua kulipa, aitumie yote.

Mfano. Macho ya bandia ya daraja la 2 yanagharimu Esensi 0.3 na yana nafasi 8 za kuwekea vifaa. Kuona mwanga hafifu kunachukua nafasi 2, kuona joto 2, kukuza 2, kinga ya mwanga mkali wa ghafla 1. Jumla 7, nafasi moja inabaki. Vifaa hivyohivyo vinne vikiwekwa kimoja kimoja kwenye macho ya kuzaliwa vinagharimu 0.1 kila kimoja, yaani 0.4. Mwenye fedha akinunua macho ya ubora wa alfa, gharama ya Esensi inazidishwa kwa 0.8, kwa hiyo 0.3 inakuwa 0.24. Kwa mganga wa vifaa vya macho peke yake tofauti hiyo haibadilishi kitu, kwani nukta ya Nguvu imeshakwenda. Asitupe fedha zake hapo ila kama ana mpango wa kujaza ile 1 hadi ukingoni.

Sasa tuone kama inalipa. Mganga mwenye Nguvu ya Sihiri 6 na ustadi wa kutupa 5 anarusha dadu 11. Kila dadu ya pande sita inayoonyesha 5 au 6 ni fanikio, kwa hiyo kwa wastani theluthi moja ya dadu hufaulu: mafanikio 3 na theluthi mbili. Giza na moshi humpunguzia dadu kama zinavyompunguzia mpiga bunduki: hali nyepesi 1, ya wastani 3, nzito 6. Usiku wa taa hafifu anabaki na dadu 8. Gizani kabisa anabaki na 5, fanikio moja na theluthi mbili. Mwenye macho ya bandia ana Nguvu 5, anaanza na dadu 10, lakini penye taa hafifu hapotezi nyingi. Mchezo wako ukiwa wa mchana na vikao vya watu wazima barazani, macho ya bandia ni hasara. Ukiwa wa usiku, na Lamu umeme unapokatika mitaa ya ndani inakuwa giza totoro, hesabu inageuka.

Kati ya jamii za wahusika wa mchezo, orki na elfi huzaliwa na kuona mwanga hafifu, mbilikimo na troli huzaliwa na kuona joto. Hawalipi chochote. Mchezaji wa mganga anayelalamikia giza akumbushwe hilo wakati wa kuunda mhusika, si baada ya vikao vitatu.

Kuona joto kunahitaji uamuzi wako

Kuona mwanga hafifu kunataka angalau nyota au taa ya mbali, na gizani kabisa hakusaidii. Kuona joto hakuhitaji nuru, lakini kuna mambo mawili ambayo wachezaji huyasahau. La kwanza, kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia mionzi ya joto la mwili. Atakayetazama dirishani kwa jicho la joto peke yake ataona kioo, hatamwona aliye nyuma yake. La pili ni la pwani. Kuta za matumbawe zilizopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto baada ya magharibi, na ngozi ya mtu aliyesimama mbele yake haitofautiani nao sana. Tunashauri saa za mwanzo za usiku, mbele ya ukuta uliotazama magharibi, umpunguzie dadu 1. Alfajiri ukuta umepoa, mpe dadu zake zote.

Njia tatu ambazo sihiri husafiri

Kuona ni sharti la kwanza la sihiri za mbali, lakini si kila sihiri inatosheka na kuona.

Sihiri za moja kwa moja hazisafiri hewani. Zinaota ndani ya mlengwa. Hizi ndizo zinazopita kioo cha dirisha bila kukivunja, na zinazopita kioo cha kujitazamia pembeni ya kichochoro.

Sihiri za kupitia kitu, yaani moto, radi na tindikali, huanzia kwa mganga zikaenda mpaka kwa mlengwa kama risasi. Ukimwona mtu kupitia kioo cha pembeni ukamtupia moto, moto haupindi kona. Ukimwona nyuma ya dirisha, dirisha ndilo linalopigwa kwanza. Waendeshaji wengi wanasahau tofauti hii, wanaruhusu vyote au wanakataza vyote.

Sihiri za kugusa hazihitaji kuona hata kidogo. Mganga aliyevaa miwani ya kijeshi ya kijani anaweza kumshika mwenzake mkono na kumponya vizuri kabisa. Mruhusu.

Sihiri ya kudumishwa, mfano ya kutoonekana, inadai kuona pale inapotupwa tu. Ikishashika, mlengwa akikata kona haipotei, na mganga anaendelea kulipa dadu 2 kwa kila sihiri anayoishikilia. Na hapohapo uliza ni ya aina gani: ya kutoonekana ya kawaida hudanganya akili za walio hai tu, kamera inamwona mtu kama kawaida. Ile iliyoboreshwa hudanganya na mashine. Mchezaji aliyechukua ya kwanza akapita mbele ya kamera ya bandari amenaswa, na ni haki anaswe.

Sihiri ya kuona mbali haitumiki kulengea sihiri nyingine. Kutazama aura, nako, ni jambo jingine kabisa: si kazi ya macho, hata kipofu anaweza, na macho ya bandia hayazuii. Gizani hii ni njia ya bure ya kumpata aliye hai, ila kazi za mwilini zinapungua dadu 2, na mganga naye anaonekana na kuguswa na mapepo ya upande ule. Mwenye kuitumia ovyo mpe sababu ya kujuta.

Ramani: kwa nini nyumba ya Lamu inakusaidia

Chora nyumba kongwe ya mawe, utaona mistari ya kuona inavyojipanga yenyewe. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita 3, kwa sababu boriti za mkoko zinazobeba dari hazimudu zaidi ya hapo. Kuta ni nene kiasi cha nusu mita, kwa hiyo hakuna sihiri wala joto linaloonekana kupitia humo. Mlangoni kuna daka, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, na kutoka daka mtu haoni kiwanda, yaani ua wa ndani, moja kwa moja kwa kuwa njia imepindishwa makusudi kuficha ya ndani. Mganga aliye nje hana mlengwa mpaka aingie, au apate kioo.

Na kioo ndicho cha kumpa. Kioo cha kinyozi chenye mpini, kilichonyooshwa kwenye pindo la ukumbi, kinamwonyesha kiwanda chote. Mkumbushe lakini kwamba kioo huona pande mbili: anayeonwa kiooni akiinua macho, naye anamwona mganga. Mrushie mlinzi dadu za kutambua.

Wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ni mahali pa hatari kuliko pote kwenye ramani. Aliye madirishani mwake anaona kichochoro kote chini, na aliye chini anaona giza la dirisha. Usimweke adui mganga hapo kwenye kikao cha kwanza.

Mtu aliyejifunika buibui na ukaya anaonwa vizuri kwa kanuni hizi, nguo haifichi mlengwa. Kinachofichwa ni nani ni nani. Penye wanawake kumi waliotoka arusini, mganga anaweza kumtupia yeyote anayemwona, ila hajui kama ndiye.

Kama meza yenu ni ya Dungeons & Dragons

Huko mambo ni magumu zaidi kwa mganga. Toleo la tano linadai njia wazi kati ya mtupaji na mlengwa au sehemu inayolengwa, na sihiri nyingi zinadai pia kuona. Kwa kufuata maneno, dirisha lililofungwa ni kizuizi kamili hata kama unaona ndani, na kioo cha pembeni hakikupi njia. Darubini ya dhahabu 1,000 hukuza kitu mara mbili, lakini masafa ya sihiri hayaongezeki: mshale wa moto unaishia futi 120, mita 36 hivi, na mpira wa moto futi 150, mita 45. Mlinzi wa Manda hana wasiwasi. Sihiri ya kutoweka ulipo na kutokea mahali unapopaona, hadi futi 30, ni tofauti, kwani haidai njia wazi, kuona kunatosha. Kwa hiyo tundu la mlango linatosha kuingilia ndani, na mwenye nyumba yako wa kufikirika azibe matundu. Mganga mwenye mnyama wa kiganga anaweza kuona kwa macho ya mnyama huyo akiwa ndani ya futi 100, lakini wakati huo macho na masikio ya mganga mwenyewe yamefungwa.

Kurudi darini Mkomani

Mchezaji bado anasubiri jibu. Ni usiku, gati lina taa chache, darubini ni ya kioo tupu. Shadowrun haiweki mwisho wa masafa kwa sihiri ya kuona, basi jibu ni ndiyo, anaweza. Sasa muulize namba zilizoandikwa kwenye darubini. Ikiwa ni 7x50 ya mabaharia, gawanya 50 kwa 7: nuru inatoka kwa upana wa milimita 7 hivi, sawa na mboni ya kijana iliyofunguka gizani. Anaona vizuri, mpunguzie dadu 3 tu za taa hafifu. Ikiwa ni ndogo ya mfukoni ya 10x25, nuru inatoka kwa milimita 2.5, picha ni kubwa lakini nyeusi, mpunguzie 4. Ikiwa amesimama kwenye mashua na si darini, ongeza nyingine 1, maana kila kinachokuzwa mara kumi hutikisika mara kumi.

Tuseme ni ile ya 7x50. Dadu 11 kutoa 3 ni 8, wastani wa mafanikio 2 hadi 3. Mlinzi mwenye Utashi 3, yaani nguvu yake ya nia ya kupinga sihiri, anarusha dadu 3, anapata fanikio 1. Yanabaki 1 au 2, na kwenye toleo la tano sihiri ya moja kwa moja huumiza kwa kiasi cha mafanikio yaliyobaki tu. Mlinzi ana visanduku 10 vya kuzimia, na huzimia vikijaa vyote. Amepata visanduku 2, ameyumba, ameshika kichwa, na mkono wa pili unakwenda kwenye redio. Mganga naye amechoka kidogo, kiwango cha chini cha uchovu ni 2 na lazima akipinge kwa dadu zake.

Mwonyeshe mchezaji hesabu hii kabla hajarusha, asione umemwonea. Kisha mkumbushe kwamba darubini hiyohiyo inaweza kutupa mazigazi, moto wa uongo ukiwaka kwenye tanga la jahazi upande wa pili wa gati, na huo hauhitaji kumshinda mlinzi kwa nguvu, unahitaji ageuke tu. Mazigazi yawe yale yanayodanganya na kamera, la sivyo mtu wa chumba cha ulinzi anayetazama skrini ataona jahazi zima, kavu, na walinzi wanaokimbia kuzima kitu kisichokuwapo.